Mafuta ya shangazi yaliyoganda Lushoto: shajara ya mradi

Jumamosi, 14 Juni 2025

Simu imeingia saa tatu asubuhi kutoka Lushoto. Ni bi mkubwa mwenye duka anayechukua mafuta ya nazi kwa shangazi yangu tangu mwaka jana. Leo hakuwa na salamu ndefu. "Mwanangu, mwambie shangazi yako haya mafuta ameyachanganya. Yameganda kama samli, meupe pe. Wateja wananirudishia, wanasema ni shahamu ya ng'ombe."

Shangazi alikuwa barazani anakuna nazi, na simu nilikuwa nimeiweka spika, kwa hiyo alisikia yote. Hakujibu neno. Mbuzi tu ndiyo iliyoongeza kasi. Amekamua mafuta hapa Ngamiani tangu sijazaliwa na hajawahi kuitwa mchanganyaji.

Mimi najua mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi za Selsiasi. Hapa Tanga joto la mchana huwa juu ya hapo, ndiyo maana tumezoea kuyaona maji. Lushoto mwezi wa sita ni habari nyingine. Lakini kumwambia mtu aliyerudishiwa chupa kumi na moja kwamba "kisayansi ndivyo yalivyo" ni kumwongezea hasira. Nimemwomba wiki tatu. Nataka tupime wenyewe, kwa kipimajoto tunachokiamini, kisha tuandike kwenye lebo kitu ambacho mteja anaweza kukijaribu mwenyewe nyumbani.

Jumapili, 15 Juni

Vifaa nilivyonavyo:

Sensa ya DS18B20, yaani kipimajoto cha umeme, ile yenye kichwa cha chuma na waya mweusi, iliyobaki kutoka kwenye mashine ya kuangulia mayai ambayo haikuangua kitu. Inapima kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125 juu yake. Walioitengeneza wanasema kosa lake halizidi nusu nyuzi kati ya −10 na 85. Nimeiunga kwenye Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta, na rezista ya kiloomu 4.7 kama inavyotakiwa.

Pia kipimajoto cha kioo nilichokiokota kwenye mtumba wa vyombo vya jikoni. Kizuri, kizito, ila kimeandikwa kwa Farenhaiti peke yake.

Hii Farenhaiti nina kesi nayo. Mwaka juzi nilijaribu kutengeneza sabuni kwa maelekezo ya mtu wa Marekani. Kaandika: pasha mafuta hadi 110, kisha mimina maji ya kostik soda. Nikapasha hadi 110 za kwetu. Nilipomimina, sufuria ilifura kama maziwa yaliyosahaulika jikoni, povu la moto likashuka hadi kwenye mkaa. Bahati nilikuwa nimesimama mbali. Alikuwa anamaanisha 110 za Farenhaiti, yaani 43 na kidogo za Selsiasi: toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Maji ya kuogea, si zaidi. Tangu siku ile namba ya joto isiyo na herufi mbele yake siigusi.

Alhamisi, 19 Juni

Leo ni sifuri. Kipimajoto ambacho hakijawahi kuonyeshwa barafu ni cha kubahatisha.

Nimenunua barafu za mfuko kwa jirani, nikazitwanga kwenye kinu (shangazi kanuna, kinu ni chake), nikazijaza kwenye chupa ya chai na kuongeza maji ya baridi kiasi cha kuziba nafasi. Hilo la maji nililikosea mara ya kwanza. Niliichomeka sensa kwenye barafu tupu, bila maji, iliyotoka kwenye friza sasa hivi, ikasoma −6, nikadhani imeharibika. Kumbe barafu nayo inaweza kuwa ya baridi kuliko sifuri kama chuma chochote. Sifuri ni pale barafu na maji vinapokaa pamoja, huyu anayeyuka, yule anaganda, hakuna anayemshinda mwenzake. Ukikoroga na kusubiri dakika tano, namba inatulia na haiondoki mpaka barafu iishe.

Sensa imetulia kwenye 0.4. Kioo kimesimama 33 kasoro kidogo, badala ya 32. Vyote viwili vina kosa dogo la kuelekea juu. Nimeandika.

Barafu ilibaki, nikaichanganya na chumvi ya jikoni, kama gramu mia tatu kwa kilo. Joto lilianguka mbele ya macho: −5, −9, −14, likasimama −17 na nusu. Wauza aiskrimu wa zamani walikuwa wanaifanya kila siku. Ukipatia kipimo unaweza kufika nyuzi 21 chini ya sifuri. Chumvi inayazuia maji yasigande tena, kwa hiyo barafu inaendelea kuyeyuka, na joto la kuyeyukia inalinyonya kutoka kwenye mchanganyiko wenyewe.

Humo ndimo ilimotoka sifuri ya Farenhaiti. Daniel Gabriel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig, alipoeleza kipimo chake mwaka 1724 alianzia kwenye mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia. Hapo akaweka 0. Barafu na maji matupu vikaangukia 32, mwili wa mtu 96. Ukilijua hilo zile namba zinapungua uwendawazimu kidogo. Anders Celsius wa Uswidi naye alikuja mwaka 1742 na hatua mia moja kati ya barafu na mchemko, ila aliziweka kichwa chini: maji yanachemka kwenye 0, yanaganda kwenye 100. Baada ya yeye kufa, 1744, zikageuzwa zikawa hizi tunazozitumia. Wangeziacha vile, homa ya mtoto ingekuwa inapimwa kwa kushuka.

Jumapili, 22 Juni

Leo mchemko. Maji ya bomba kwenye sufuria, sensa inaning'inia katikati bila kugusa chuma. Yalipochemka kwelikweli imesoma 100.3. Tanga tupo usawa wa bahari, na hapa maji yana haki ya kuchemka kwenye 100, kwa hiyo kosa la juu ni 0.3 na la chini ni 0.4. Nitakuwa natoa 0.35 kote. Kwa kazi ya mafuta inatosha na kubaki.

Kisha nikachemsha lita moja ya maji ya bahari niliyochota Raskazone. Baada ya kutoa kosa: 100.6. Chumvi ile ile iliyoshusha kuganda inapandisha kuchemka, ila kidogo mno. Wanaotia kijiko cha chumvi kwenye sufuria ya wali wakidhani maji yatakuwa ya moto zaidi, watie kwa ajili ya ladha.

Kisa cha leo: katikati ya mchemko skrini ikaruka ghafla, 85.0. Nikaongeza mkaa. 85.0. Nikakoroga. 85.0, bila kutikisika hata sehemu ya kumi. Maji yanaruka povu na kifaa kinasema 85! Nilikaa karibu saa nzima nikishuku kila kitu, mpaka nikakumbuka kwamba 85 ndiyo namba inayokaa ndani ya sensa hii inapowashwa, kabla haijapima chochote. Waya ulikuwa umelegea, umeme unakatika na kurudi, na sensa kila ikiamka inasema 85 kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ukikatika kabisa programu inaandika −127, na hiyo angalau haimdanganyi mtu. Ya 85 ndiyo ya kuogopa, maana inafanana na ukweli.

Jumamosi, 28 Juni

Siku ndefu. Nazi 24. Shangazi alikamua tui jana jioni, likalala, asubuhi tumeengua zito lililopanda juu na kuliweka jikoni. Kaniruhusu kuning'iniza sensa kwa sharti kwamba nisimsemeshe.

Tui lilipanda haraka hadi 100, kisha likagoma. Dakika kumi, 100. Dakika ishirini, 100 na pointi kidogo. Nikaongeza mkaa, likachemka kwa fujo zaidi, namba ileile. Kuyapeleka maji kutoka sifuri hadi mia ni kazi ndogo, kilojuli 420 hivi kwa kilo. Kuyageuza yakawa mvuke ni kilojuli kama 2,260, zaidi ya mara tano. Moto wote unaishia huko. Maadamu kuna maji sufuriani, mafuta hayapiti mia, hata uchochee namna gani.

Dakika hamsini na kitu. Shangazi amekaa upande wa pili, anachagua mchele, hata haangalii. Sufuria inasema chwachwachwa. Kisha ile sauti ikaanza kuchoka, ikawa cha… cha… na shata, yale mashapo ya chini, ikaanza kugeuka rangi ya kahawia. Skrini: 101. 103. 107. Nikafungua mdomo nimwambie. Yeye akainuka, akasema, "Ipua." Skrini: 113.

Nilipotoa kosa nikapata 112.7. Jumatano iliyopita alipopika bila mimi kumsumbua, nilichungulia alipoipua: 114. Yule mama anasikiliza maji yakiisha. Ukimya ndio kipimajoto chake, na kina kosa la nyuzi moja.

Akichelewa kidogo shata inaungua na mafuta yanapata harufu. Akichelewa sana yanafuka moshi, kwenye 175 hivi. Mafuta ya kula kwa kweli hayachemki, yanaharibika kabla ya kufika huko. Kile watu wanachokiita "mafuta yanachemka" ni maji ya kitunguu yanayokimbia.

Hasara: waya wa sensa uliegemea ukingo wa sufuria. Ile plastiki ya nje haipendi mia, ikalegea ikashikana na chuma. Harufu mbaya, na shangazi kanipa macho. Shata wameila watoto kwa wali, kama kawaida.

Jumatatu, 30 Juni

Nimeunga waya mpya. Lehemu ya risasi na bati inayeyuka kwenye 183, wakati bati peke yake inataka 232 na risasi 327. Wawili wakichanganyika wanakuwa wepesi kuliko kila mmoja peke yake, kama barafu na chumvi. Hilo sikuwahi kuliwaza pamoja na jambo lile mpaka leo, moshi wa lehemu ukiwa puani.

Jumatano, 2 Julai

Sasa mafuta yenyewe. Nimeyagandisha kwenye friji, nikaweka kidogo kwenye chupa nyembamba ya dawa na sensa katikati, chupa nimeizamisha kwenye bakuli la maji ninayoyapasha polepole kwa kuongeza vijiko vya maji ya moto. Nusu nyuzi kwa dakika mbili tatu. Ukiharakisha, kingo zinayeyuka wakati katikati bado jiwe, na sensa inasoma uongo wa wastani.

21, jeupe gumu. 22 na nusu, pembeni panang'aa. 24, ni kama uji. 25.1, punje ya mwisho imepotea na naona kidole changu upande wa pili wa chupa.

Majaribio matatu: 25.1, 24.8, 25.2. Nimeridhika.

Barafu inayeyuka kwenye nukta moja kwa sababu ni kitu kimoja. Mafuta ni kundi, kila aina ya asidi ya mafuta ndani yake ina wakati wake wa kulegea, kwa hiyo yanayeyuka kwa safari na si kwa nukta. Ndiyo maana wanaofanya biashara ya mafuta ya nazi ulimwenguni wanayaita "ya nyuzi 76", kwa Farenhaiti, ambayo ni 24 na ushei.

Kilichonishangaza ni kurudi. Nilipoyapoza yalipita 25 bado maji, 24 maji, 22 maji. Yalikuja kupata ukungu kwenye 20.6. Kuyeyuka yanayeyuka kwa wakati wake, kuganda yanajivuta. Nitarudi kwenye hili.

(Nje ya mada: kuna metali inaitwa galiamu, inayeyuka kwenye 29.8. Huko Ulaya huwekwa mkononi ili watoto washangae. Tanga mwezi wa kwanza, saa nane mchana, ungeiacha mezani ukarudi ukaikuta dimbwi.)

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Nimerudi leo jioni. Niliondoka Jumamosi kwa basi: Muheza, Korogwe, Mombo, kisha zile kona za kupandia Soni ambazo kila mara naapa ni za mwisho.

Lushoto ipo kama mita 1,400 juu ya bahari. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya duka la bi mkubwa, kabla hajafungua: 13.8. Chupa za shangazi zimepangwa rafuni, nyeupe kama chaki. Ukizipindua hazimwagiki.

Kabla ya yote nikamwomba sufuria ya maji. Yamechemka, yanaruka, na sensa inasoma 95.7, yaani 95.4 ukishatoa kosa. Nilijua itakuwa hivyo na bado nilitazama mara mbili. Hewa ya juu ni nyepesi, inayakandamiza maji kidogo, nayo yanapata njia ya kuwa mvuke mapema. Ukipanda mita mia tatu hivi unapoteza karibu nyuzi moja. Bi mkubwa akacheka. "Ndiyo maana maharage yangu hayaivi upesi kama ya dada yangu wa Tanga! Miaka yote anasema mimi mvivu wa kuni." Nikamweleza sufuria ya presha inavyofanya kinyume chake, inayabana maji mpaka yanafika 120 hivi kabla ya kuchemka. Akaandika kwenye daftari la madeni.

Kisha shauri lenyewe. Wateja watatu walikuwepo, na bucha ni hatua chache. Nikanunua kipande cha mafuta ya ng'ombe, tukakiyeyusha, tukakichuja kwenye glasi na kukiacha kigande. Kwenye beseni moja tukaweka chupa ya shangazi na ile glasi, tukaongeza maji ya moto taratibu, sensa katikati, skrini imewageukia wao na si mimi.

Kwenye 26 chupa ya shangazi ilikuwa tayari maji matupu, unasoma lebo kwa nyuma. Ya ng'ombe haijatikisika. 30, gumu. 35, unabonyeza linabaki na alama ya kidole. Limeanza kulegea 40 na kitu, likawa maji kabisa karibu na 47. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akachukua chupa nyingine iliyoganda, akaibana kwapani chini ya koti, akaendelea kuongea habari zake. Baada ya kama robo saa akaitoa: nusu maji. "Hii si ng'ombe," akasema, akalipa.

Njia yake ni bora kuliko yangu. Haitaki umeme.

Alhamisi, 10 Julai

Lebo. Mimi niliandika: "Mafuta haya huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 za Selsiasi. Yakiganda, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu." Shangazi akasema nani anatembea na nyuzi mfukoni. Yake: "Yakiganda si ubaya, ni baridi ya kwenu." Nikampigia bi mkubwa kumsomea. Akasema hiyo "ya kwenu" hataki kuiona dukani kwake.

Tumekubaliana: "Yakiganda si ubaya, ni baridi. Yaweke kwapani au kwenye maji ya vuguvugu, yatarudi. Yasiporudi, turudishie." Nyuzi 24 zimeingia chini, kwa herufi ndogo, kwa wanaozijali. Nimeandika °C kamili.

Jumamosi, 12 Julai

Kusi imevuma usiku kucha. Kabla ya jua kuchomoza niliamka kutazama chupa tatu nilizoziacha barazani tangu jana. Sensa: 21.2. Kwa Tanga hiyo ni baridi ya kutafutia shuka.

Chupa mbili ni maji safi. Ya tatu ina wingu jeupe chini, kimo cha kidole. Mafuta ni yaleyale, pipa lilelile, tena siku moja. Nilikaa nayo kwa muda kabla ya kukumbuka kwamba ya tatu ni ile niliyorudi nayo kutoka Lushoto. Ilikuja imeganda, ikayeyuka yenyewe ndani ya basi, na bila shaka haikuyeyuka yote. Punje ndogo zisizoonekana zilibaki, na mafuta yanayojivuta kuganda yakipata punje ya kuanzia hayajivuti tena.

Nikachukua kibiriti, nikachovya njiti kwenye lile wingu, nikaigusisha kwenye chupa ya pili. Shangazi akatoka na kikombe chake cha kahawa, akakaa. Dakika kumi hakuna kitu. Kama dakika ishirini na tano, pale njiti ilipogusa pakatokea uzi mweupe, ukashuka, ukatanda.

"Kwa hiyo huyu wa Lushoto," akasema shangazi, "kamwambukiza mwenzake?"

Nikamwambia ndiyo, hivyohivyo.

Akaitazama ile ya kwanza, iliyo safi bado, akaichukua na kuiingiza ndani.